Jicho la Kamera na Jicho la Nafsi

Kila jamii ya wanadamu, iwe kubwa au ndogo, hukabiliwa na swali moja la tangu zamani: mtu hutenda haki kwa sababu anaogopa kuonwa, au kwa sababu anaipenda haki yenyewe? Wazee wetu walilijua swali hili. Ndiyo maana walisema kwamba paka akiondoka panya hutawala, na ya kwamba siku za mwizi ni arobaini. Methali ya kwanza yatueleza udhaifu wa utii unaotegemea mlinzi. Ya pili yatuonya kwamba aliyefichika leo ataonekana kesho. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayotuambia jinsi ya kumpata mtu ambaye hana haja ya paka wala ya siku ya arobaini.

Katika zama zetu swali hili limevaa sura mpya. Serikali nyingi duniani zimeweka kamera katika njia panda na kandokando ya barabara ili ziwanase madereva wanaopita taa nyekundu au wanaokwenda mbio kupita kiasi. Wako wanaozisifu kamera hizo kwa kuwa zinaokoa maisha. Wako wanaozilaumu kwa kuwa zinamdhalilisha mwananchi na kuikamua mifuko yake. Katika insha hii tunakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kulitazama kutoka mahali pamoja mahsusi, yaani Sumbawanga na uwanda wa Ufipa. Tumechagua mahali hapo kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo mwendo wa kasi ni jambo jipya, na kwa hiyo faida na hasara zake bado zaonekana waziwazi. Pili, jina la mji wenyewe na historia ya watu wake vina la kutufundisha juu ya matendo ya siri.

Barabara na wenye barabara

Mji wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mkoa wa Rukwa, ambao makao yake makuu ni mji huo, ulianzishwa mwaka 1974. Kwa miaka mingi safari ya kutoka Tunduma, penye reli ya TAZARA na mpaka wa Zambia, ilikuwa safari ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Gari lilikwama, abiria wakashuka, wakasukuma, wakapanda tena. Katika hali hiyo hapakuwa na haja kubwa ya askari wa kupima mwendo. Barabara yenyewe ilikuwa askari, na mashimo yake ndiyo yaliyotoa amri.

Hali hiyo imebadilika. Kwa mradi uliotokana na mkataba wa mwaka 2008 baina ya nchi yetu na shirika la Marekani liitwalo Millennium Challenge Corporation, barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 220, iliwekwa lami katika miaka ya 2010. Hapana shaka kwamba lami imeleta neema. Mahindi, maharage, ulezi na alizeti ya Ufipa huyafikia masoko ya mbali kwa wakati, mgonjwa hufika hospitali angali hai, na mwalimu aliyepangiwa kazi Rukwa haoni tena kwamba amepelekwa mwisho wa dunia. Lakini lami imeleta pia mwendo, na mwendo haukuja pamoja na mafunzo yake.

Maana barabara hiyo si ya magari peke yake. Hupita humo mwanafunzi anayekwenda shule asubuhi penye ukungu, mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, kijana mwenye gunia la mahindi juu ya baiskeli, bodaboda yenye abiria wawili, na gari la maksai litokalo shambani jioni bila ya taa. Vijiji na miji midogo kama Laela imepasuliwa katikati na lami: nyumba ziko upande huu, kisima au soko liko upande ule. Kwa watu hao barabara si njia ya kwendea mbali tu, bali ni uwanja wa nyumbani. Dereva wa basi au wa lori huwaona kwa kitambo kidogo, kisha huwasahau.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inalitambua jambo hili. Inaamuru kwamba katika maeneo ya makazi gari lisizidi mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na kwamba mabasi na magari mazito, hata nje ya makazi, yasizidi kilomita 80. Wanafunzi wa fizikia waweza kutueleza hekima ya tarakimu hizo. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 hivi kila sekunde. Liendalo kilomita 100 hupita mita 28. Hata hivyo nguvu ya mgongano haiongezeki maradufu, bali mara nne, kwa kuwa nguvu hiyo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 1,190,000 waliuawa na ajali za barabarani duniani kote, na ya kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuwaua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Huo ndio umri wa wanafunzi wetu. Kwa hiyo tunaposema juu ya kamera hatusemi juu ya kitu cha mchezo.

Chombo chenyewe

Kamera ya taa nyekundu si ajabu ya jana. Kampuni ya Kiholanzi iliyoanzishwa na Maurice Gatsonides, dereva wa mashindano ambaye mwenyewe alipenda sana mwendo wa kasi, ilitengeneza kamera ya namna hiyo katika miaka ya 1960. Namna moja ya utendaji wake ni nyepesi kueleza. Waya hufukiwa chini ya lami karibu na mstari wa kusimamia, nao huunganishwa na taa. Taa ikiwa nyekundu na gari likapita juu ya waya, kamera hupiga picha ya kwanza gari likiwa mstarini na ya pili likiwa katikati ya njia panda. Picha huonyesha namba ya gari, saa, na sekunde zilizopita tangu taa igeuke. Kisha hati ya faini hupelekwa kwa mwenye gari.

Huku kwetu Ufipa, ambako msongamano wa magari haujafikia ule wa Dar es Salaam, jicho linalofahamika zaidi si hilo la kwenye taa, bali ni kile chombo cha mkononi ambacho Watanzania wote wanakiita tochi. Askari huielekeza tochi kwenye gari linalokuja, nayo humwambia mwendo wake. Askari huyo aweza kuwapigia simu wenzake walio mbele, na gari likifika kwao husimamishwa. Dereva huonyeshwa kosa, hupewa taarifa, na hulipa faini ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000 kwa kosa moja. Mabasi ya safari ndefu nayo hufungwa chombo kinachopeleka taarifa za mwendo wake kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA. Na jirani zetu hawako nyuma. Rwanda imeweka kamera katika barabara zake nyingi, hata wananchi wamezipa jina la mwanamke, wanaziita Sofia. Uganda nayo ilianza mwezi Juni 2025 kutoza faini kwa kamera zinazojiendesha zenyewe, lakini manung'uniko ya wananchi yalikuwa makubwa hata Serikali ikausimamisha mpango huo muda mfupi baadaye.

Sifa ya jicho lisilopokea zawadi

Yatupasa kwanza tutaje sifa ya kamera, kwani si haki kulaumu kitu kabla ya kukitendea insafu. Sifa yake kuu ni kwamba haimjui mtu. Haijui kwamba gari hili ni la mkubwa na lile ni la mnyonge. Haina shemeji wala mwanakijiji mwenzake. Haisikii njaa mwisho wa mwezi, wala haiwezi kunong'onezwa kando ya gari. Katika ahadi za mwanachama wa TANU rushwa ilitajwa kuwa adui wa haki. Na kila mtu aliyepata kusafiri anajua kwamba adui huyo hupenda sana kukaa barabarani, mahali ambapo watu wawili tu wanakutana, mmoja ana haraka na mwingine ana madaraka. Kamera inamwondoa mmoja wa watu hao wawili, na hivyo inaipunguzia rushwa kiti chake.

Sifa ya pili ni kwamba inamlinda mtu asiye na sauti. Mtoto anayevuka barabara Laela hana uwezo wa kumshtaki dereva wa lori, wala hana namna ya kuthibitisha mwendo wake. Chombo kinamsemea. Kwa mtoto huyo, sababu ya dereva kupunguza mwendo si kitu. Uhai ndio kitu. Mwanafalsafa akisema kwamba wema unaotokana na hofu si wema wa kweli, mama wa mtoto aweza kumjibu kwamba yeye hakuomba wema wa kweli, aliomba breki. Jibu hilo ni zito, na mtu yeyote anayeandika juu ya maadili ya barabarani lazima alibebe mpaka mwisho wa hoja yake.

Upungufu wake

Hata hivyo jicho hili lina upungufu, na upungufu huo si wa kiufundi tu.

Kwanza, kamera huona tendo, haioni sababu. Dereva anayepita taa nyekundu saa nane za usiku kwa kuwa amembeba mzazi mwenye uchungu, na dereva anayeipita kwa kuwa amelewa, picha zao zitafanana kabisa. Binadamu anayehukumu aweza kuuliza, akasikiliza, akapima. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inataka mtu apewe haki ya kusikilizwa kikamilifu, na asitendewe kama mkosaji kabla ya kuthibitika. Sasa chombo kinapotoa taarifa na hukumu kwa pamoja, na mwananchi hana pa kuisemea hoja yake, haki hiyo inabaki katika maandishi tu.

Pili, kamera huiona namba, haimwoni mtu. Faini huandikwa juu ya gari. Lakini mwenye gari aweza kuwa Mbeya amelala, na aliyekosa ni dereva wake. Au dereva aweza kuwa amelazimishwa kukimbia na tajiri anayemhesabia saa na fedha. Basi nani hasa mkosaji? Utamaduni wetu haukuwa mgeni wa jambo la mtu kulipia kosa la mwingine, maana ukoo ulilipa fidia ya mmoja wao. Lakini ukoo ulikutana kwanza, ukazungumza, na mkosaji akaionja aibu mbele ya wakubwa zake. Faini inayofuata namba peke yake yaweza kulipwa bila ya mtu yeyote kuona haya.

Tatu, jicho linaloleta fedha laweza kupendwa kwa ajili ya fedha. Katika mji wa Chicago nchini Marekani, uliokuwa na kamera za taa nyekundu tangu mwaka 2003, ilibainika kwamba afisa mmoja aliyesimamia mpango huo alikuwa akipokea hongo kutoka kwa kampuni iliyouza kamera; alitiwa hatiani mwaka 2016. Tazameni kinaya chake: chombo kisichopokea rushwa kiliingizwa mjini kwa rushwa. Tunajifunza kutokana na hayo kwamba uadilifu wa chombo hauwezi kuzidi uadilifu wa anayekiweka, anayekipima, na anayezihesabu fedha zake.

Adabu ya kuwashiana taa

Upungufu wa nne tunautenga peke yake, kwa kuwa ndio unaogusa utamaduni. Msafiri wa barabara zetu anajua kwamba dereva akiiona tochi mbele, humwashia taa dereva anayekutana naye. Huyo wa pili hupunguza mwendo, huinua mkono kushukuru, hupita kwa upole mbele ya askari, na akiisha kuvuka kilima hurudia mwendo wake wa awali. Si jambo la bahati. Ni desturi kamili, yenye ishara zake, shukrani zake, na lawama kwa asiyeifuata.

Je, desturi hiyo ni udugu? Kwa sura yake yafanana sana na udugu. Watu wasiojuana wanasaidiana bila ya malipo, na kila mmoja anatoa leo akitumaini kupokea kesho. Tena wako wanaosema kwamba anayewasha taa anaisaidia hata sheria, kwani matokeo yake ni kwamba mwenzake anapunguza mwendo. Lakini tukiichungua vema tunaona kwamba msaada huo unamfaa nani. Haumfai mtoto aliye ng'ambo ya kilima, mahali pasipo na tochi. Unamfaa dereva peke yake dhidi ya mlinzi wa mtoto. Ni udugu wa walio ndani ya magari dhidi ya walio nje. Ujamaa tuliofundishwa haukuwa ule wa kundi dogo kusitiriana makosa, bali ule wa kumhesabu kila mtu kuwa ni ndugu, hata yule asiye na gari.

Lakini tusiharakishe kuwalaumu madereva peke yao. Desturi hii imezaliwa na nini? Kwa sehemu kubwa imezaliwa na tochi inayojificha. Kwa muda mrefu wananchi wamelalamika kwamba askari hukaa vichakani au nyuma ya miti, na malalamiko hayo yalifika hata Bungeni. Mlinzi akijificha, anayelindwa naye hujifunza kuvizia. Hapo sheria huacha kuwa agano baina ya wananchi na Serikali yao, ikawa mchezo wa sungura na fisi, na katika hadithi zetu mshindi wa mchezo huo siku zote ni sungura. Mtu hajifunzi kuwaheshimu waendao kwa miguu. Anajifunza kusoma ishara.

Wahenga wa Uyunani walisema kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda mambo ya uadilifu tena na tena, na waalimu wetu wanajua kwamba mazoea hujenga tabia. Kwa hiyo haikosi maana kutumaini kwamba dereva aliyeanza kupunguza mwendo kwa hofu atamalizia kwa kupunguza kwa tabia. Lakini mazoea hayo yana sharti. Sharti lenyewe ni kwamba jicho liwe wazi, liwe pale pale, na sababu yake ionekane. Kamera iliyowekwa mbele ya shule, yenye kibao kinachosema kwamba hapa pana shule na hapa pana kamera, yafundisha mambo mawili kwa pamoja: hofu ya faini na sababu ya sheria. Hofu ikiisha, sababu hubaki. Lakini tochi iliyofichwa mahali pasipo na watu yafundisha hofu peke yake, na hofu ikiisha hakuna kinachobaki.

Funzo la jina la mji

Mwanafalsafa Plato aliandika kisa cha Gyges, mchungaji aliyeokota pete ambayo akiigeuza kidoleni haonekani. Mara alipoujua uwezo wake, alimuua mfalme na kuutwaa ufalme. Swali lililoulizwa katika kitabu hicho ni hili: kama pete hiyo angepewa mtu mwema, je, angebaki mwema? Baadaye sana, mwaka 1791, Mwingereza Jeremy Bentham alichapisha mpango wa gereza ambalo mlinzi mmoja aliye katikati aliweza kuwaona wafungwa wote bila ya wao kumwona. Alidhani kwamba mtu asiyejua kama anatazamwa atajitazama mwenyewe. Kamera za leo ni mtoto wa wazo hilo.

Hatuna haja ya kwenda Uyunani wala Uingereza tu kulitafuta jibu. Wenyeji wa Ufipa hueleza kwamba jina la Sumbawanga limetokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya "tupa uchawi". Anayeingia mjini anaambiwa aache nje uchawi wake. Tuliangalie neno hilo kwa makini. Mchawi katika fikra za jamii zetu ni nani? Si mtu mbaya tu. Ni mtu anayemdhuru mwenzake kwa siri, usiku, akitumaini kwamba hataonwa. Mchawi ni yule aliyevaa pete ya Gyges. Na mji huu, kwa jina lake, haukuweka mpekuzi mlangoni wa kufungua mizigo ya wageni. Umemtaka kila mgeni ajipekue mwenyewe. Dereva anayepita kijijini usiku kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, akijua kwamba hakuna tochi saa hizo, na aliyelala kando ya barabara hawezi kumtambua, yuko karibu sana na maana hiyo ya zamani. Anabeba madhara gizani.

Ufipa ina funzo la pili, nalo limo katika kazi ya chuma. Wafuaji wa Ufipa waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyozidi kimo cha mtu, ambayo yalivuta upepo yenyewe kwa matundu ya chini bila ya kuvuviwa. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo lenye mivukuto. Wakati wa kazi hiyo wahusika walitakiwa kushika miiko, mmojawapo ukiwa ni kujitenga na wake zao. Nani aliyekuwa akiwachunguza? Hapakuwa na askari wala kamera. Mtu aweza kusema kwamba hiyo nayo ilikuwa hofu, kwani waliamini kwamba aliyevunja mwiko angeiharibu kazi ya tanuri. Ni kweli, lakini tuone tofauti. Mwenye kuogopa tochi anaogopa kukamatwa. Mwenye kuogopa kuharibu tanuri anaogopa kuwadhulumu wenziwe jasho lao na kijiji jembe lake. Hofu ya kwanza inamhusu yeye mwenyewe. Hofu ya pili inawahusu watu. Leo hatuna haja ya kuiamini miiko ile ili kuuona ukubwa wa fikra hiyo: kwamba tendo la siri la mtu mmoja ni jambo la watu wote.

Baina ya jicho la chombo na jicho la nafsi kulikuwa, na bado kuko, jicho la tatu, nalo ni jicho la jirani. Balozi wa nyumba kumi, mzee wa kijiji, mwalimu, hata abiria katika basi, wote ni macho. Jicho la jirani lina jambo ambalo kamera haina: laweza kukemea, kushauri na kusamehe. Abiria anayemwambia dereva, "Ndugu, tumebeba watoto humu, punguza mwendo," anafanya kazi ambayo chombo hakiiwezi, kwa sababu anamkumbusha dereva sababu ya sheria wala si adhabu yake. Inasikitisha kwamba mara nyingi abiria hunyamaza, au humshangilia dereva kwa kuwapita wenzake. Kamera zinazidi kuongezeka mahali ambapo majirani wamefumba macho.

Hitimisho

Sasa tuirudie ile hoja ya mama aliyesema kwamba anaomba breki. Tumeona kwamba hana kosa. Sheria hulinda mwili, nayo haiwezi kungoja mpaka kila dereva awe mtu mwema. Kwa hiyo hatuwezi kuikataa kamera kwa sababu tu haitakasi moyo. Ukuta wa boma nao hautakasi moyo wa fisi, lakini hatuubomoi. Tunalosema ni kwamba kamera ikubaliwe kwa masharti ya utu. Iwekwe penye hatari, si penye faida. Iwekwe wazi. Picha zake zitumike kwa kazi hiyo tu, kwa kuwa ibara ya 16 ya Katiba inaulinda usiri wa mwananchi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka mipaka juu ya kumbukumbu za namna hiyo. Awepo mtu wa kumsikiliza mwenye udhuru, na ajulikane anapokaa. Na mafanikio yake yasipimwe kwa wingi wa faini, bali kwa upungufu wa faini na wa makaburi. Kamera bora ni ile ambayo mwaka hadi mwaka inakosa kazi.

Kazi iliyobaki si ya mafundi wala ya askari. Ni ya wazazi na ya shule, maana samaki mkunje angali mbichi. Mwanafunzi anayefanya mtihani pasipo na msimamizi, kiranja anayegawa chakula jikoni peke yake, mwalimu anayeingia darasani siku ambayo mkuu wa shule amesafiri, wote hao wako katika njia panda yenye taa nyekundu isiyo na kamera. Hapo ndipo madereva wa kesho wanapofundishwa, kabla hawajaushika usukani. Tukiwazoesha watoto wetu kutii kwa sababu ya fimbo peke yake, tusishangae watakapoitafuta tochi kwa macho kabla ya kumtafuta mtoto anayevuka.

Wahenga walisema: heri kufa macho kuliko kufa moyo. Taifa laweza kununua macho kwa fedha, tena mengi, na kuyatundika kila penye nguzo. Moyo haununuliwi. Na usiku ukiwa mkubwa juu ya uwanda wa Ufipa, wakati gari la maksai lisilo na taa linaporudi nyumbani kando ya lami na barabara haina mlinzi, uhai wa mzee aliye juu ya gari hilo umo ndani ya moyo wa dereva anayekuja, wala hauko mahali pengine popote.